Panda Gari

Kuna kitenzi kimoja ambacho kila mwaka, nikifika mahali pa kukifundisha, chaki hunisita mkononi. Ni kitenzi panda. Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nacho mapema: mkulima hupanda mahindi, mzee hupanda mlima, bei ya sukari hupanda, abiria hupanda gari. Ni mfano huo wa mwisho unaonisitisha, na sababu yake niliipata njiani, katika likizo moja ndefu niliyozunguka na kikundi cha waimbaji kutoka Kampala hadi Gulu.

Wakati huo ilikuwa miaka mitatu tu tangu nipate stashahada ya ualimu. Kikundi kilihitaji mtu wa kuandika sehemu za Kiswahili na kuwarekebisha waimbaji matamshi, nami nilikuwa tayari kwenda popote ambapo nauli ingelipwa na mtu mwingine. Walichokuwa wakionyesha ni opera. Neno hilo lisikutishe: ni tamthilia ambayo wahusika wake huimba yale ambayo kwingine wangeyasema. Hatukuwa na piano wala mapazia ya mahameli. Tulikuwa watu 14, wenye amadinda moja, endingidi ya uzi mmoja, adungu mbili, ngoma nne, na basi dogo ambalo aliyelitengeneza hakukumbuka kwamba abiria wana magoti.

Hatukuwa wa kwanza katika njia hiyo. Mwaka 1965 Makerere ilianzisha kikundi cha maigizo ya kusafiri kilichopeleka michezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, kwa watu ambao hawangefika kamwe katika ukumbi wa Kampala. Tena mchezo wa kuigiza kwa nyimbo haujapata kuwa jambo la mzaha nchini Uganda. Byron Kawadwa aliupeleka mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko, kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos mwaka 1977. Mwaka huo huo alikamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa.

Opera yetu ilisimulia saa 48. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema kwamba mtu anayekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Na asipoachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kijana anakamatwa sokoni. Mama yake anaimba kwa Kiganda, hakimu kwa Kiingereza, askari kwa Kiswahili, na waitikiaji wanazihesabu saa kwa ngoma. Mgawanyo huo wa lugha hatukuubuni sisi, kwani huku kwetu Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya jeshi na polisi. Nilipokuwa nikitafuta maneno ya askari, niliona kwamba "panda gari" yanakaa sawasawa juu ya mdundo: pa-nda-ga-ri, mapigo manne. Nikayafanya kibwagizo. Mazoezini, mwimbaji wetu mwenye sauti nzito aliyaimba huku akitikisa kitambi, nasi tukacheka hadi machozi yakatutoka.

Maisha ya njiani hayana fahari. Tulilala madarasani, juu ya magodoro membamba, madawati yamesukumwa ukutani. Tulikula posho na maharagwe, na siku njema, maharagwe yenye kitunguu. Mvua ikinyesha, ngozi za ngoma hulegea na sauti yake huwa kama ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo kabla ya kila onyesho mtu mmoja aliwasha moto wa majani makavu ya migomba akaziota ngoma jua la bandia. Waimbaji waliugulia vumbi kooni, wakinywa maji ya tangawizi. Na kila alfajiri dereva wetu alituamsha kwa sauti moja tu: "Haya, pandeni gari!" (Angalia kiambishi -eni: anaamriwa zaidi ya mtu mmoja.)

Onyesho la kwanza lilikuwa Luweero. Tulipita Bombo, penye kambi ya jeshi, tukafika mchana, tukafunga turubai kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja wengi, wazee wakiketi mbele juu ya mikeka. Mama akaimba, nao wakaitikia kwa vichwa. Kisha askari akaingia na kitambi chake, ngoma zikapiga mapigo manne, naye akaimba kibwagizo changu.

Watoto walicheka. Kwenye mikeka hakucheka mtu. Bibi mmoja alisimama, akakunja khanga yake, akaondoka bila kugeuka nyuma. Akafuata mwingine, kisha wazee wawili. Hawakulalamika wala hawakuzomea. Mpaka wimbo unakwisha, mikeka ilikuwa nusu tupu.

Huenda wewe msomaji umekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa, na nilikuwa mwalimu. Jioni mkuu wa kikundi alinituma nyumbani kwa yule bibi kuomba radhi, ingawa sikujua kwa lipi. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwita Jjajja, kama tunavyowaita bibi na babu huku Buganda. Alinipa kigoda. Kwa Kiganda akaniuliza nilizaliwa mwaka gani, nilipomjibu, akasema, "Basi, mwanangu, hukulisikia." Ndipo akanieleza. Miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa vita, wanajeshi waliwazingira watu mitaani Kampala na vijijini, wakawaamuru wapande malori, na wengi wa waliopanda hawakurudi. Watu waliziita operesheni zile kwa jina la amri yenyewe: panda gari. Jjajja hakujua neno jingine lolote la Kiswahili. Ndugu yake alilitii neno hilo asubuhi moja, akiwa na ndoo ya maji mkononi.

Usiku tulibishana chini ya turubai. Mkuu wa kikundi alisema kibwagizo kibaki, kwa sababu kuumia kwa wazee kunathibitisha kwamba Ibara ya 23 haikuandikwa bure. Alikuwa na hoja. Mimi sikukataa neno. Nilichokataa ni kile kitambi. Nilikuwa nimechukua amri iliyowaua watu nikaifanya kichekesho kwa sababu tu ilipatana na ngoma. Nikaandika upya hadi mafuta ya jenereta yakaisha. Askari mpya anaanza na amri ile ile, bila ngoma. Mama anasimama mbele ya gari na kumtaka amweleze kosa la mwanawe kwa lugha anayoielewa, naye askari anatafuta maneno ya Kiganda moja moja, kama mtu anayepapasa gizani. Mwimbaji wetu hakupenda. Alisema nimempokonya makofi yake, na ni kweli.

Tulivuka Nile pale Karuma, nyani wakituangalia kutoka kandokando ya barabara, tukafika Gulu. Huko mama aliimba kwa Kiacholi, na askari akalazimika kujifunza Kiacholi kidogo. Baada ya onyesho msichana wa shule alinyosha mkono akauliza: ikiwa askari anajua Kiswahili tu, na mama hakijui, ni nani anayepaswa kujifunza? Nilijibu kwamba sheria inamtwisha mzigo yule anayekamata. Akauliza tena, bila kutabasamu: "Sasa mwalimu, mbona unatufundisha sisi Kiswahili?" Nilisema kwamba lugha isiachwe mikononi mwa wenye bunduki peke yao. Watu walipiga makofi, lakini yeye hakupiga, na hadi leo sidhani kama nilimjibu.

Tuliporudi kusini nilitambua kwamba dereva alikuwa amebadilisha wito wake wa alfajiri. Hakuna aliyemwagiza. Sasa alisema, "Haya, tuondoke."

Darasani bado naliandika lile neno ubaoni pamoja na mahindi, mlima na sukari. Kisha nawaagiza wanafunzi waende nyumbani wawaulize wakubwa wao wanasikia nini katika maneno hayo mawili. Muhula uliopita wengi walirudi na kurasa nzima. Mmoja alirudi na daftari tupu: bibi yake alimtazama kwa muda, akamwambia aende akalete kuni.