Baridi ya Angani: Safari ya Kinshasa mpaka Bruxelles

Tarehe 12 Februari 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Bruxelles, akafika Leopoldville, ndio mji wa Kinshasa wa leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Marubani waliketi mahali pasipo kifuniko, wakipigwa na upepo na jua. Siku hizi safari hiyo ni ya saa nane hivi, na msafiri huketi kana kwamba yumo nyumbani mwake. Je, wasomaji wapenzi, mwajua ni nini kimkingacho?

Pale N'djili joto ni kali. Milango ikiisha kufungwa, abiria hujipepea kwa karatasi. Ndege ikipaa, mambo hubadilika upesi. Kwa kila meta 1,000 za kwenda juu, joto la nje lapungua kadiri ya digrii 6 na nusu. Kwenye meta 11,000 baridi yaweza kufika digrii 56 chini ya sifuri. Baridi ni kali huko hata juu ya msitu wetu, na hata juu ya Sahara, ambako chini mchanga waunguza nyayo.

Basi, hewa ya ndani yatoka wapi? Katika ndege nyingi, injini zavuta hewa nyembamba ya nje na kuikandamiza. Hewa ikikandamizwa hupata moto, kama ajuavyo kila apigaye pampu ya baiskeli. Sehemu ya hewa hiyo hupozwa, huchanganywa na hewa ya ndani iliyochujwa, kisha huwafikia abiria. Na hapa pana ajabu: mara nyingi kazi ya mitambo ni kupoza, si kupasha moto! Maana mtu aliyeketi hutoa joto kama taa ya wati 100. Watu 250, taa 250.

Hata hivyo mwili haukosi kusumbuka. Akaaye dirishani husikia baridi kuliko akaaye katikati. Hewa ni kavu mno. Midomo, pua na macho hukauka. Tena hewa ya ndani ni nyembamba, kama ile ya mlima wa meta 2,000 au zaidi kidogo. Mwenye afya hadhuriki. Lakini mgonjwa wa moyo au wa mapafu, na mtoto mwenye ugonjwa wa damu tuuitao SS, sharti wamwone mganga kabla ya safari. Kwa maana baridi, kiu na upungufu wa hewa vyaweza kuamsha maumivu makali ya SS.

Wengine nao wafuate mashauri haya: kuchukua sweta na soksi, hata kama Kinshasa wanatoka jasho; kunywa maji mara kwa mara, wala si pombe; kuinuka na kutembea kidogo, damu isigande miguuni. Mama asimfunike mtoto mchanga kupita kiasi. Amguse kifuani na shingoni, akiona jasho apunguze nguo.

Tukifurahia joto hilo, tusiwasahau Yaguine Koita na Fodé Tounkara, wanafunzi wawili wa Guinea. Mwaka 1999 walijificha mahali pa magurudumu ya ndege iliyotoka Conakry kwenda Bruxelles. Walivaa nguo juu ya nguo, lakini nguo gani yaweza kushinda baridi ile, tena pasipo hewa ya kutosha? Tarehe 2 Agosti maiti zao zilionekana Bruxelles, pamoja na barua waliyowaandikia wakubwa wa Ulaya, wakiwaombea watoto wa Afrika msaada na shule.

Enyi wazazi, wasimulieni vijana wenu habari hii. Kati ya kiti cha abiria na mahali pa magurudumu pana ukuta mwembamba tu. Upande mmoja ni uhai, upande wa pili ni mauti. Nasi sote tulioisikia barua ile, tuwaombee wawili hao raha ya milele, na tujitahidi kwa mikono yetu kuwapatia watoto wetu shule waliyoiomba, ili pasiwe tena na mtoto wa kuitafuta katika baridi ya angani.