Gawa Kwanza, Kisha Uhukumu

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sibishani na wahenga, lakini, msomaji mpenzi, ukijifunza kugawa data kwa kompyuta utaanza kuuliza: ni samaki wa kapu lipi?

Muhula wa kwanza maneno yalizagaa shuleni kwetu kuwa wasichana ndio wachelewaji. Rejista ya langoni ilihesabiwa, na kweli majina yetu yakawa mengi kuliko ya wavulana. Ikasemekana wasichana wote tuwe tukifika nusu saa kabla ya wavulana. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja unusu, giza likiwa bado totoro. Kutoka mapema zaidi ya hapo ni hatari, si mchezo!

Wakati huo mwalimu wa kompyuta alikuwa akitufunza R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo ni ya bure. Amri iliyonivutia ni split. Unaipa vitu viwili: jedwali lako, na safu inayoonyesha kila mstari ni wa kundi gani. Kompyuta inakurudishia data ileile ikiwa mafungu mafungu, kama mama sokoni anavyotenga nyanya. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kisha kila fungu unalihesabu peke yake.

Mfano wetu ulikuwa UCBAdmissions, data iliyomo ndani ya R yenyewe. Ni hesabu ya watu 4,526 walioomba masomo ya shahada za juu katika idara sita za Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, mwaka wa 1973. Ukiwajumlisha wote, wanaume 1,198 kati ya 2,691 walikubaliwa, karibu asilimia 45. Wanawake ni 557 kati ya 1,835, asilimia 30 tu. Hapo ungeapa kila idara iliwaonea wanawake. Basi tukaliita jedwali d, tukaandika split(d, d$Dept) ili ligawanywe kwa idara. Lo! Idara A ilichukua asilimia 82 ya wanawake na asilimia 62 ya wanaume. Katika idara nne kati ya sita wanawake waliwapiku wanaume. Siri ni kwamba zaidi ya nusu ya wanaume waliomba idara A na B, ambako milango ilikuwa mipana. Wanawake walioomba huko ni 133 pekee. Wengi wao walibisha kwenye milango myembamba.

Nikawaza juu ya rejista yetu. Kwa ruhusa ya mwalimu niliingiza wanafunzi wote, waliochelewa na wasiochelewa, nikaongeza safu ya njia anayopitia kila mmoja, nikagawa. Wanaokaa karibu na shule, wasichana kwa wavulana, walichelewa kwa nadra. Sisi wa ng'ambo ya mto tulichelewa sana, na wavulana wa kwetu vilevile. Ila huko ng'ambo wasichana ndio wengi katika shule hii, maana wavulana wengi wa huko wamepelekwa shule za bweni. Kwa nini wao na si sisi? Hilo nalo lina haja ya kuulizwa.

Karatasi ilifika kwa naibu wa mwalimu mkuu. Akaisoma mara mbili, akanyamaza. Habari ya nusu saa haikutajwa tena, ingawa daraja letu bado ni magogo mawili.

Lakini tusiisifu kompyuta kupita kiasi. R haijui ugawe kwa nini. Ukiiambia igawe watu kwa herufi ya kwanza ya jina, itatii bila kuuliza. Kujua kwamba mto ndio unaotutenganisha, hilo linamhitaji mtu anayeuvuka kila asubuhi.