Mbegu za Uchagani

Katika mashamba ya Kilifi na Takaungu, zama za utoto wangu, mbegu ya bustani haikununuliwa wala haikuuzwa. Ilirithiwa, ikaombwa, ikarudishwa, na aliyepewa alijua kuwa amepokea amana ambayo mwenyewe aweza kuja kuidai siku yoyote, ikiwa mvua imemkhini au tumbili wamemtangulia shambani. Kwetu sisi mwenye dhamana hiyo alikuwa bibi mzaa mama, mwanamke ambaye hakupata kufundishwa na bwana shamba yeyote, lakini aliyeweza kusimama mbele ya tuta la bamia kabla ya mvua za mwaka kukatika, akaonyesha kwa kidole mche utakaozaa bustani ya mwakani.

Watu wengi hudhani kuhifadhi mbegu ni kazi ya baada ya mavuno. Kwa bibi ilikuwa kazi ya macho, na ilianza mimea ikiwa bado mibichi. Mche uliotangulia kuchanua, uliostahimili jua la katikati ya masika bila ya kulegea, ambao wadudu waliupita wakaenda kula wa jirani yake, huo ulifungwa kipande cha leso kuukuu, na tangu saa hiyo matunda yake yakawa haramu kwa chungu, hata siku tuliyokosa kitoweo. Bamia za mbegu ziliachwa mtini zikakauka, zikawa ngumu kama mbao, zikaanza kupasuka mbavuni, ndipo zikachumwa.

Tungule zilikuwa na taratibu zao. Zilikaa mtini hata zikalainika kabisa. Kisha bibi akazikamua ndani ya kifuu cha nazi, akatia maji kidogo, akafunika, akaweka kivulini siku mbili tatu mpaka juu pakatanda povu la uchachu lenye harufu isiyopendeza. Uchachu huo ndio unaoutenga ute unaoifunika kila mbegu, ute ambao usipoondoka mbegu huchelewa kuota. Akisha kuongeza maji na kukoroga, mapepe yalielea yakamwagwa, na zilizo nzima zikatua chini. Hizo alizikosha, akazianika juu ya ungo mahali penye upepo, si juani, kisha akazichanganya na jivu lililochekechwa na kuzitia katika kibuyu kidogo ambacho mdomo wake aliuziba kwa nta ya nyuki.

Ama mahindi, hayo yalikuwa na heshima ya peke yake. Tulipanda mdzihana, na pembeni kidogo kanjerenjere, ambayo huwahi kukomaa na kuwaokoa watu njaa inapobisha hodi. Kwa kuwa poleni ya mahindi huchukuliwa na upepo, bibi hakuchagua hindi la mbegu penye mpaka wa shamba, ila katikati, mbali na mahindi ya watu; tena alitaka hindi ambalo ganda lake limelifunika hata ncha na kubana, maadamu fukusi hupenya penye uwazi. Mahindi hayo, yangali na maganda, yalifungwa mawili mawili yakatundikwa uchagani juu ya mafiga, yakapigwa moshi miezi yote ya kiangazi, na siku ya kupanda zilipukuchuliwa punje za katikati tu. Za nchani na za kitakoni tuliwapa kuku.

Nimewasikia wengi wakisema kuwa mbegu za kisasa ndizo zilizoua zile za kale. Kwa niliyoyaona mimi, uchaga ulikwisha kabla ya mbegu. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, ambaye wenzetu wa Tanzania walimwita pia Skania, alionekana Taveta mwaka 1983, akitokea upande wa Tanzania, na miaka iliyofuata akateremka mpaka kwetu. Moshi haukumtisha, alitoboa ganda, punje na gunzi, akaacha unga mtupu, na hata boriti za uchaga hakuzisamehe. Tukashauriwa, na ushauri ulikuwa sahihi, tupukuchue mapema, tuchanganye na dawa ya unga, tutie magunia. Lakini mbegu na chakula vikawa gunia moja, hindi lililobana ganda likachanganyika na lililo wazi, na wakati wa kupanda mtu akateka kopo asijue ameteka uzao wa mche upi. Jicho la kuchagua likakosa kazi.

Mbegu za kituo cha utafiti cha Mtwapa zilitukuta katika hali hiyo. Ile iliyotolewa mwaka 1974, Coast Composite, mkulima aliweza kuirudia mwaka hata mwaka. Iliyofuata mwaka 1989, Pwani Hybrid 1, ilizaa vizuri, nami siibezi, ila ni chotara, na uzao wa chotara ukipandwa tena hutawanyika, huyu mrefu, yule mfupi, na mavuno hupungua. Hivyo kila msimu sharti urudi dukani.

Kisha ikaja sheria. Marekebisho ya mwaka 2012 ya sheria ya mbegu yaliifanya biashara na ubadilishanaji wa mbegu zisizosajiliwa kuwa jinai, na adhabu yake ikawa kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au vyote viwili. Niliwaona wanawake watu wazima, waliolelewa katika kupeana, wakipitishiana mbegu za mchicha ndani ya pindo la leso kana kwamba wamezipokonya. Jambo hilo lilinihuzunisha kuliko dumuzi. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa vifungu hivyo vinapingana na katiba, na mimi niliyezaliwa juu ya mbegu za kupewa nilishukuru kwa moyo wangu wote.

Sasa binti wa ndugu yangu ananiuliza, "Ami, niache ipi?" nami humpeleka kwenye tuta asubuhi, bamia zingali na umande, nikamwambia atazame kwanza miche iliyonyauka jana adhuhuri na isiyonyauka. Mchicha tunao, kunde tunazo, mbaazi zipo. Tungule za bibi, zile ndogo zenye mikunjo begani, sijazipata, wala kanjerenjere. Mwenye nazo, awe Kaloleni, Ganze au Magarini, nitamfuata kwake, na nitamchukulia bamia na kunde za kupanda.