SIKUKUU ZA KIANGAZI KATIKA BERMUDA

Katika bahari ya Atlantiki, maili 600 na zaidi kutoka pwani ya Marekani, viko visiwa vidogo viitwavyo Bermuda. Vile vilivyo vikubwa vimeunganishwa kwa madaraja hata vikawa kama nchi moja, yenye umbo la ndoana ya mvuvi. Eneo lake lote ni maili 21 za mraba tu, na katika hesabu ya 2016 wakazi walikuwa karibu 64,000. Zaidi ya nusu yao ni wazao wa Waafrika. Nchi hii iko chini ya Uingereza, nayo ina Bunge lake. Ingawa iko mbali sana kaskazini ya Ikweta, mkondo wa maji ya moto uitwao Gulf Stream hupita karibu nayo, na kwa hiyo baridi kali haijulikani huko.

Jambo la kwanza limshangazalo mgeni ni mapaa ya nyumba, ambayo yote ni meupe. Kisiwa hakina mto hata mmoja. Kila paa hujengwa kwa vibamba vya mawe kama ngazi, kisha hupakwa chokaa, na maji ya mvua huteremka polepole mpaka katika tangi lililochimbwa chini ya nyumba. Mkulima wa Kitui au Machakos ajuaye thamani ya debe moja la maji hatahitaji kuelezwa kwa nini watu hao hutunza mapaa yao kama wengine watunzavyo mashamba.

Kiangazi cha huko huanza mwezi wa Mei. Tangu zamani tarehe 24 Mei ilikuwa sikukuu, na wenyeji wengi hawakubali kuoga baharini kabla yake, hata kama wageni wamekwisha kujaa pwani kwenye mchanga wenye rangi ya waridi. Tangu 2018 sikukuu hiyo huangukia siku ya Ijumaa kuelekea mwisho wa Mei. Siku hiyo huwa na maandamano, na mbio za miguu za maili 13 ambazo zilianza 1909. Mashua ndogo zenye matanga makubwa mno nazo hushindana. Na zinapokaribia mwisho wa safari, baharia mmoja au wawili hujitupa majini kwa hiari yao ili chombo kiwe chepesi.

Lakini sikukuu iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kabla ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Jina lake ni Cup Match, yaani mchezo wa kushindania kikombe. Mgeni aweza kudhani kwamba ni kriketi tu, bali asili yake ni nzito zaidi. Tarehe 1 Agosti 1834 utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Uingereza. Katika makoloni mengi watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao kwa miaka kadhaa, kwa kisingizio cha kufundishwa kazi. Bermuda haikufuata njia hiyo, na watu wake walipata uhuru siku ile ile.

Watu waliofunguliwa waliunda vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Kila mwaka vyama hivyo vilikusanyika kukumbuka siku ya uhuru kwa chakula na michezo, na kutoka mikutano hiyo yalizaliwa mashindano baina ya Somerset, upande wa magharibi, na St George's, upande wa mashariki. Kikombe kilishindaniwa mara ya kwanza mwaka 1902. Siku hizo hazikuwa za mapumziko kwa sheria. Mfanyakazi aliyekwenda kutazama mchezo aliiacha kazi yake kwa hatari yake mwenyewe; hata hivyo walikwenda, mwaka baada ya mwaka, kwa wingi usioweza kuzuiwa. Mwaka 1947 sheria ilizifanya kuwa sikukuu za nchi nzima. Hivyo sheria ilikuja nyuma, baada ya watu kwisha kutangulia.

Alhamisi huitwa Siku ya Ukombozi. Ijumaa ilikuwa ikiitwa kwa jina la Sir George Somers, ambaye jahazi lake lilivunjika mwambani huko mwaka 1609, na huo ukawa mwanzo wa Waingereza kukaa Bermuda. Mwaka 2020 jina hilo liliondolewa, ikawa Siku ya Mary Prince. Mwanamke huyo alizaliwa utumwani Bermuda, akauzwa mnadani pamoja na dada zake, akafanya kazi katika mashimo ya chumvi ya visiwa vingine, na hatimaye akafika London. Habari za maisha yake zilipigwa chapa huko mwaka 1831, miaka mitatu kabla ya utumwa kukomeshwa, na Waingereza wakasoma kwa maneno yake mwenyewe jinsi ilivyo kuwa mali ya mtu.

Siku za mchezo nchi nzima hugawanyika. Wa Somerset huvaa nyekundu na buluu nzito. Wa St George's huvaa buluu mbili, nyepesi na nzito, na mara nyingi mume na mke hawavai rangi moja. Mchezo usipopata mshindi, kikombe hubaki kwa aliyekuwa nacho. Kandokando huja Gombey, wachezaji waliofunika nyuso, wenye kofia ndefu za manyoya ya tausi, wakimfuata kiongozi wao kwa filimbi na ngoma. Zamani za utumwa ngoma hizo ziliruhusiwa kwa nadra. Siku hizi watoto hukimbia nyuma yake njiani.

Liko pia hema la kamari iitwayo Taji na Nanga, ambayo kwa miaka mingi iliruhusiwa siku hizo tu. Kwenye ubao zimechorwa taji, nanga, kopa, uru, shupaza na pau. Mtu huweka fedha juu ya ishara moja, na dadu tatu hutupwa. Karani apendaye hesabu na afikiri: dadu hizo zaweza kuanguka kwa namna 216, na katika namna 125 ishara uliyoichagua haitokei hata mara moja. Mwenye ubao hana haja ya kudanganya.

Jumapili ifuatayo, katika ghuba ya Mangrove Bay, hufanywa mashindano ya watu wasio mabaharia. Vyombo vyao ni mapipa, mbao na makopo yaliyofungwa pamoja, na anayezama hushangiliwa kuliko anayefika. Kisha mahema ya pwani hung'olewa na watu hurudi kazini. Majira ya tufani huwa yamekwisha kuanza, na kila mwenye nyumba huanza tena kutazama mawingu kwa macho mawili: jicho moja lahofia paa, na jingine latumaini tangi.