Kabla Hujakata Ekzosi, Sikiliza Hii

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili: "Bro, nifunge mafla gani ndio gari yangu ilie kama Mustang?" Na kwa wale wageni hapa, hatuzungumzii mafla ya shingoni. Ni lile kopo la chuma lililo nyuma chini ya gari, la kupunguza kelele.

Wacha niwaambie kitu ambacho ningeambiwa mapema kingeniokolea pesa na aibu. Hakuna mafla itakayofanya Vitz ilie kama Mustang. Wala Forester yangu. Mafla haitengenezi sauti. Sauti inatoka kwa injini, na mafla inaamua tu ni ipi ipite na ipi inyamazishwe.

Zile gari za misuli za Marekani, Mustang, Camaro, Charger, zina injini ya V8: silinda nne huku, nne kule. Ukihesabu zote nane, milipuko inafuatana kwa nafasi sawa. Lakini ukisikiliza upande mmoja peke yake, nafasi hazilingani. Mlipuko mmoja unawahi, mwingine unachelewa. Huko kuyumba ndiko kunazaa ule mngurumo mzito unaousikia kwa filamu. Kinachosababisha ni umbo la krenkishafti, kile chuma kinachozungushwa na pistoni. Ford walipoiwekea Shelby GT350 ya 2016 krenkishafti ya umbo lingine, ilibaki V8 na ilibaki Mustang, lakini mlio wake ukapanda juu ukakaribia wa Ferrari. Sasa kama Mustang yenyewe inaweza kupoteza sauti ya Mustang kwa sababu ya chuma kimoja ndani ya injini, wewe na kopo lako la nyuma mnatafuta nini?

Sisi hapa Kenya mngurumo tuliokua nao ni wa Subaru. Nao pia unatokana na kutolingana. Silinda zimelala mbili kila upande, na kwa zile Subaru zinazovuma, mabomba ya moshi yanayotoka kwa injini yana urefu tofauti. Moshi wa upande mmoja unasafiri mbali zaidi kabla ya kukutana na wa upande mwingine, ndio unasikia ile "bu-bu-bu-bu." Ndiyo maana Legacy GT za Japani kuanzia 2003, zilizopewa mabomba ya urefu sawa, hazivumi vile hata ukizibembeleza.

Kwa hivyo Forester yangu ya 2005, yenye tabo, ilikuwa na sauti yake tayari. Sikuridhika. Nilitaka kelele.

Mwaka jana nikashuka Kirinyaga Road, kule wengi bado tunaita Grogan. Fundi akaingia chini ya gari, akatoka akipangusa mikono. "Mkubwa, tukate yote, tuweke bomba moja mpaka nyuma. Itanguruma kama simba." Elfu nane, saa moja na nusu. Akasema pia kile kichujio cha moshi hakina kazi, kinaziba pumzi tu, nimwachie. Nikamwachia. Baadaye ndio nikajua ndani yake kuna platinamu na paladi, madini ya bei, na pengine nilimlipa mtu elfu nane achukue kitu cha thamani kuliko hizo elfu nane. Lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Nikarekodi video jioni hiyo hiyo. Ilisikika tamu, na nyinyi mkaipenda kuliko video yoyote niliyowahi kuweka. Naomba msamaha kwa ile video, kwa sababu simu inadanganya. Maikrofoni ya simu inajipunguza yenyewe sauti ikizidi, kwa hivyo gari la kelele na gari la kelele mara mbili yake yanaweza kutoka karibu sawa. Pia nilirekodi gari likiwa limesimama, kwa sekunde ishirini. Hakuna anayeishi na gari kwa sekunde ishirini.

Jumamosi nikaenda nyumbani Murang'a. Thika Road, kilomita mia kwa saa, injini ikizunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Piga hesabu: injini ya silinda nne kwa mzunguko huo inalipuka mara 83 kila sekunde. Ukikata kila kitu cha kuzuia, huo mvumo wa 83 unaingia ndani ya gari na kukaa. Hautoki kwa redio wala kwa kufungua dirisha. Unausikia kwa meno. Nilipofika Kenol kichwa kilikuwa kinagonga, na gari lilikuwa langu, nililipia mwenyewe.

Nimeingia kwa boma, mbwa wa jirani wamechachawa, mzee akatoka kwa mlango.

Baba aliendesha matatu miaka ishirini na miwili, ruti ya 58, Buruburu. Enzi hizo nganya bila muziki wa kutikisa vioo haikupata abiria, na ekzosi ilikuwa inakatwa makusudi ili watu wasikie gari ikiwa bado kona. Vijana walimpenda. Nami nikiwa darasa la nne nilijua matatu ya baba inakuja kabla haijaonekana, na nilijiona mkubwa kuliko wenzangu wote.

Nikamwambia, "Baba, nimebadilisha ekzosi. Umesikia?"

Akainamisha kichwa, akanigeuzia sikio la kushoto. "Umesema?"

Nikarudia. Akatabasamu, ile ya kukubali tu ili mazungumzo yaendelee. Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti ya juu. "Aaa! Gari nimeisikia, kijana. Ni wewe ndio sikusikii."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Masikio yaliyoharibiwa na kelele huwa hivyo. Hayazimiki kama taa. Huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za "s" na "f" na "t," wakati mngurumo na besi bado anazipata sawasawa. Ndiyo maana mzee anasikia lori likiwa mbali lakini mjukuu akimwambia jambo anaitikia kitu kingine. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Dereva wa matatu hufanya kazi zaidi ya saa nane. Hakuna aliyemwambia.

Jumatatu nikatafuta fundi mwingine. Nikarudishiwa kichujio, na safari hii nikachagua kwa akili. Mafla za kununua, kwa ufupi, ni za aina mbili kubwa. Kuna za vyumba, ambamo moshi unagonga kuta za chuma ndani na kutoka na mlio mkali wenye kishindo. Kuna za bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya glasi, moshi unapita moja kwa moja na pamba inameza zile kelele za kukwaruza. Nilichukua ya pili, ndefu kadiri ilivyoenea. Mbele yake fundi akachomelea bomba la tawi lililozibwa mwisho, limekatwa kwa urefu wa kuua ule mvumo wa barabarani. Yote ilinigharimu mara nne ya ule ujinga wa kwanza.

Na "bu-bu-bu" bado ipo. Ukinipita kwa petroli stesheni utajua ni Subaru. Lakini saa tano usiku naingia kwa ploti yetu Roysambu bila kumwamsha mtoto wa jirani. Kanuni za NEMA za 2009 zinataka mtaa wa makazi usizidi desibeli 35 usiku. Hata gari la kawaida linapita hapo, sembuse letu.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Usichague mafla kwa video, hata yangu. Mwombe mwenye gari kama lako akubebe kwa barabara kuu dakika ishirini, madirisha yamefungwa, na mjaribu kuongea. Mkishindwa kuongea, hiyo si sauti, ni bili, na italipwa na masikio yako.

Nilimpeleka mzee mzunguko na mafla mpya wiki iliyofuata. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akatulia, akasema, "Hii iko sawa." Halafu tukaongea mpaka Kenol na kurudi, mimi nikiwa upande wake wa kushoto kwa sababu yeye ndiye alitaka kuendesha.

Wewe gari lako linalia aje? Na nani mwingine analisikia?