Kando ya Mto Sabarmati

Ahmedabad ni mji mkubwa wa Gujarat, magharibi mwa India, jimbo ambalo ndilo asili ya Wahindi wengi wa Afrika Mashariki. Tulifika huko tukimsindikiza mgonjwa, na siku moja ya mapumziko tukatembelea makazi ya Mahatma Gandhi kando ya mto Sabarmati. Aliishi hapo kuanzia 1917 hadi 1930.

Nyumba ni ya kawaida tu: ina baraza, vyumba vichache, na jiko la mkewe, Kasturba. Tuliona pia gurudumu la mbao la kusokotea uzi. Wakati wa ukoloni pamba ya India ilipelekwa Uingereza, kisha ikarudi ikiwa kitambaa cha kuuzwa kwa wale wale walioilima. Gandhi aliwahimiza watu wasokote uzi wao wenyewe na wavae khadi, kitambaa cha mkono. Hivyo hata mama asiyeweza kwenda mikutanoni alipigania uhuru akiwa barazani kwake.

Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi aliondoka hapo kwa miguu, akatembea kama kilomita 390 hadi Dandi, pwani, akaokote chumvi kuipinga kodi ya Waingereza. Aliapa kutorudi kuishi hapo mpaka India iwe huru. Uhuru ulipatikana 1947. Januari 1948 akauawa, hajarudi.

Lakini vita vingine vilikuwa ndani ya nyumba. Mwaka 1915, makazi yakiwa bado Kochrab, mtaa wa mji huo huo, Gandhi aliipokea familia ya watu walioitwa "wasioguswa". Hata Kasturba hakupendezwa. Kisimani mchota maji alilalamika kwamba matone ya ndoo yao yangemtia unajisi. Wafadhili wakakatisha michango. Gandhi hakuwafukuza, na baadaye binti yao, Lakshmi, akalelewa kama mtoto wake.

Sisi wauguzi tunajua kwamba hakuna mtu asiyeguswa. Kila mgonjwa tunamshika kwa mikono hii hii. Katiba ya India ya 1950 ilipiga marufuku ubaguzi huo, lakini haujaisha.

Akina mama wenzetu, mkoloni huondoka na bendera yake. Kikombe cha msichana wa kazi, kinachowekwa kando jikoni ili wengine wasikitumie, hakiondoki naye. Hicho ni juu yetu kukirudisha kabatini pamoja na vingine.