Mwambie baba yako tunapumzika

Kwenye kona ya kwanza baada ya Yoghoi, baba aliinama kufunga kamba za viatu. Kwenye kona ya pili alisimama akatazama kabichi za watu. Ya tatu ilimkuta hana kisingizio tena. Alishika kiuno, akafungua mdomo na kuvuta hewa kama mtu aliyetoka majini.

Kijana wake, aliyemaliza mtihani wa kidato cha pili mwezi Novemba, alikuwa mbele, simu mkononi. Hakugeuka. Aliyegeuka ni bibi, mama mkwe wa yule baba, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye alikuwa amejitwisha kapu la viazi vya kuwapelekea ndugu. Hakumwambia kitu mkwe wake. Huyu ni Msukuma wa Shinyanga, na alivyolelewa, mwanamume hamsogelei mama mkwe wala hapigi naye soga ana kwa ana. Bibi anajua hivyo, na yeye pia ana heshima zake za Kisambaa. Akamwita mjukuu wake wa miaka tisa.

"Mwambie baba yako bibi amechoka. Tunapumzika."

Mtoto akateremka hatua kumi, akafikisha salamu. Baba akaitikia kwa kichwa. Bibi hakuwa amechoka hata kidogo.

Familia hii inaishi Katoro, mkoani Geita. Baba aliingia kwenye uchimbaji mdogo akiwa kijana, akazunguka Nyarugusu, Rwamgasa na kila mahali palipozuka rashi. Alipiga mwamba kwa nyundo na tindo ndani ya maduara, baadaye akahamia kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe kuwa unga. Aliyewahi kupita karibu na karasha linalofanya kazi kiangazi anajua lile vumbi: nguo, nyusi, sahani ya wali wa mama ntilie, vyote rangi moja.

Vumbi hilo lina silika. Chembe zake ni ndogo mno, haziishii puani, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Pafu hujaribu kuzizingira na hatimaye huacha kovu. Kovu likiwa jingi, pafu hukakamaa. Kitambaa kinachofungwa usoni, ambacho wachimbaji wengi wanakiamini, huzuia vumbi la kuonekana kwa macho tu. Mwenye silika mapafuni pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na ndivyo ilivyokuwa kwa baba huyu. Alimeza dawa miezi sita, bila kulipa, kama inavyotolewa kwenye vituo vya serikali nchini. Kikohozi kikaisha. Pumzi haikurudi.

Ndiyo maana Desemba walisafiri. Kwanza walikwenda Kibong'oto, hospitali iliyoko Siha mkoani Kilimanjaro, ambayo tangu miaka ya 1920 imekuwa ikitibu kifua kikuu na sasa huwapima pia wachimbaji magonjwa ya mapafu yatokanayo na kazi. Majibu hayakuwa mageni: kifua kikuu kimepona, kovu la vumbi halitapona, asirudi kwenye vumbi, atembee taratibu kila siku kadiri anavyoweza. Kutoka hapo, Moshi hadi Mombo, kisha kupanda kona za Soni hadi Lushoto kwa wakwe, kwani mama ni Msambaa aliyeolewa Usukumani.

Watoto waliambiwa wanakwenda likizo kwa bibi. Hawakuambiwa kingine.

Hapo wazazi wengi wa ukanda wa dhahabu watajiona. Baba akiwa na hela, nyumba nzima inajua. Akianza kukohoa, inakuwa siri ya chumbani. Kijana huyu alijua kwamba baba aliumwa akapona, basi. Alijua pia kwamba rafiki yake, aliyeacha shule mwaka jana, amenunua pikipiki, na kwamba rafiki huyo amemwahidi nafasi ya kuvuta mawe duarani likizo hii. "Wiki tatu tu, mama, nipate ya viatu." Mama alikataa. Sheria nayo inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, lakini kwa kijana wa miaka 16 mwenye rafiki mwenye pikipiki, sheria ni maneno ya redioni.

Matembezi yale hayakupangwa yawe somo. Kwa Wasambaa, mgeni aliyetoka mbali hakai nyumbani ndugu wakasikia tu kwamba amekuja. Hupelekwa nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo bibi akapanga mzunguko: kutoka mjini kwa njia ya Yoghoi hadi Irente kwenye ukingo wa mlima, kisha kurudi kwa njia ya juu inayokatiza vijijini. Watalii hulipa waongozaji ili wapite humohumo. Bibi huipita akienda misibani.

Njia ni ya udongo mwekundu, na mvua za vuli zilikuwa zimeifanya iteleze. Pembeni migomba, mahindi na maharage, mashamba yamening'inia kwenye mteremko hadi unashangaa mkulima anasimamaje. Bibi alionyesha matuta yaliyokatisha mlima. Enzi za Mwingereza, alisema, mama yake alilazimishwa kuchimba matuta kama hayo, na watu waliyachukia hadi wakagoma. Historia inamuunga mkono, mpango ule wa miaka ya 1950 ulivunjika kwa upinzani wa wananchi. Kijana akauliza mbona bado yapo. "Haya tumechimba wenyewe," bibi akajibu, akaendelea kupanda.

Baba alisema hewa ya huku ni nyepesi. Mama hakubishana. Lakini mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe, ambalo Geita iko juu yake, liko mita 1,134. Mtu wa Geita anaishi mlimani bila kujua. Kijana alikumbuka jiografia yake. Hapo ndipo alipoweka simu mfukoni.

Pale Irente ardhi inakatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba na chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama daftari la mistari, na tambarare ya Wamasai hadi macho yachoke. Baba alikaa kwenye jiwe, mbali kidogo na mkwewe. Alitazama chini muda mrefu. Akasema ile nchi tambarare inamkumbusha kwao Shinyanga, kabla ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, iliyoanza mwaka 1986. Watu walikuwa wamekata miti yote. Baba yake, babu wa watoto, alikuwa mmoja wa waliorudisha ngitili. Walizungushia kipande cha malisho, wakakiacha kipumzike, miti ikaota yenyewe.

"Ukikiacha, kinarudi?" mtoto mdogo akauliza.

"Ardhi inarudi," baba akasema.

Kijana aliuliza duara lao lilikuwa na kina gani. Mita sitini, baba akamwambia. Mlipumua vipi? Kwa mashine inayopuliza upepo kupitia bomba la plastiki, na mafuta yakiisha juu, mnasubiri gizani. Aliendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya mpunga. Alieleza vumbi, picha ya kifua aliyoonyeshwa Kibong'oto, na daktari aliyepitisha kalamu juu ya madoa meupe. Mama alisikia mengine kwa mara ya kwanza. Bibi alijifanya anahesabu viazi.

Hakumkataza kijana kwenda mgodini. Neno mgodi halikutajwa tena.

Kurudi, kijana alichukua begi la baba bila kuombwa, akawa anatembea nyuma yake. Hilo si rahisi kwa mtoto wa miaka 16. Kutembea polepole kunamchosha kuliko kukimbia. Ndugu waliwapa chai na mihogo nyumba ya kwanza, chai na viazi nyumba ya pili. Nyumba ya tatu waliifikia mvua inanyesha.

Usiku mama alimkuta jikoni na bibi, anakausha viatu motoni. Ujumbe wa rafiki ulikuwa umefika mara mbili: wanashuka Jumatatu. Alikuwa hajajibu.

"Amesimama mara kumi na moja," kijana akamwambia mama yake. "Nilihesabu. Bibi hakusimama hata moja, alikuwa anamsubiri tu."

Asubuhi mtoto mdogo alitumwa tena, safari hii na baba. Alikwenda kumuuliza bibi kama kuna njia nyingine, fupi, isiyo na kona nyingi.